Msemaji wa Iteba na Karabai Iliyokataliwa

Jumamosi tarehe 21 Agosti 2010, katika uwanja wa nyumba moja mtaani Iteba, mjini Rumonge, Jovita Ntakirutimana alisimama mbele ya wageni na kukataa kumtoa binamu yake aolewe.

Haikuwa kazi yake. Mjomba aliyepangiwa kuisemea familia alikuwa amekwama njiani kutoka Bugarama, juu ya lori la mihogo lililopasuka tairi. Wageni walikuwa wameketi, vinywaji vimefunguliwa, msemaji wao amekwisha kutoa ombi, na upande wa pili wanaume walikuwa wanatazamana. Jovita, wakati huo mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alikuwa anagawa Fanta. Aliweka sinia chini, akasema kwamba familia imefurahi kuwapokea wageni lakini ombi lao limeishangaza, kwa sababu msichana wanayemtaja hayupo. Kweli, aliwahi kuwapo mmoja, lakini alitumwa maji na hajarudi, na kwa kuwa ziwa liko karibu, huenda ameamua kulimaliza lote. Msemaji wa wageni akajibu kwamba wao wamekuja na ndoo zao, watamsaidia. Watu wakacheka, na sherehe ikaanza.

Ndivyo mambo yanavyokwenda siku ya mahari kwa Warundi. Kila kitu kimekwisha kukubaliwa zamani: msichana ameridhika, wazazi wameridhika, mahari yamezungumzwa chumbani. Hata hivyo msemaji wa upande wa msichana lazima akatae kwanza. Hajui wageni wamefuata nini. Nyumba hii haina binti. Wajaribu kwa jirani. Msemaji wa upande wa kijana hujibu kwa sifa, kwa ng'ombe walioko katika maneno tu, na kwa kinywaji kilichoko mezani. Anayekubali mara ya kwanza huonekana ana haraka ya kumwondoa mtoto wake, na mtoto huyo ataambiwa hivyo ukweni maisha yake yote.

Jovita alijifunza maneno hayo Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, ambako wazazi wake walifika mwaka 1972 na yeye akazaliwa. Wazee wa huko walikuwa wameacha kila kitu isipokuwa lugha, nao waliitunza kama walivyoondoka nayo. Aliporudi Burundi mwaka 2008 watu wa Rumonge walimcheka: mwanamke kijana anaongea Kirundi cha bibi kizee. Baada ya ile Jumamosi ya Agosti waliacha kucheka, wakaanza kumwalika.

Siku za kawaida hutengeneza sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yake, huikata kwa waya na kuipeleka sokoni. Lakini kuanzia Juni mvua inapokwisha, Jumamosi zake si zake tena. Hulipwa kitenge, chakula, na nafasi ya kuketi mbele. Mtaani wanamwita Mama Eliana, kwa jina la binti yake mkubwa, na wanasema hajawahi kushindwa kumtoa bibi harusi katika hali nzuri.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuikubali sifa hiyo hadharani. Leonidasi, muuza vipuri vya mashine za kukamulia mawese, amesemea upande wa wavulana kwa zaidi ya miaka ishirini, na hupenda kukumbusha methali ya Kirundi kwamba kuku jike hawiki mahali palipo na jogoo. Jovita alimjibu mara moja tu, mbele ya watu. "Ni kweli, muzee. Jogoo ndiye anayewika. Lakini sokoni watu wanauliza mayai." Tangu siku hiyo wamekutana kwenye mahari nyingi, kila mmoja upande wake, na familia nyingine hupanga tarehe kwa kuangalia wote wawili wako huru lini.

Bustani ya ufuoni, hapo Iteba, ilianza baada ya mafuriko. Maji ya Tanganyika yalipopanda, yaliingia katika nyumba za chini za Iteba, na kibanda cha sabuni cha Jovita kilikuwa miongoni mwa vilivyoondoka. Maji yaliporudi nyuma yaliacha ukanda wa tope kati ya barabara na ziwa. Wakazi waliusafisha katika kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, wakapanda majani na michikichi, na wafadhili wakaleta viti vya saruji. Kisha wafadhili hao wakasema kwamba kuna fungu la kazi moja ya sanaa, kwa sharti kwamba wakazi wenyewe waichague na waikubali katika mkutano wa wazi.

Jovita aliitaka kazi hiyo ya sanaa kuliko mtu yeyote. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwenye mikutano, mpaka wengine wakaanza kusema "sanamu ya Mama Eliana" kabla haijajulikana itakuwa nini. Sababu yake aliieleza kwa ufupi: alitaka watu wawe na jambo la kuwapeleka ufuoni zaidi ya kwenda kuangalia maji yamefika wapi.

Mikutano ya kwanza haikuwa na utulivu. Wavuvi walitaka mukeke mkubwa, samaki wa fahari ya ziwa. Wakamuaji wa mafuta walitaka kichala cha mawese. Walimu walitaka ngoma. Leonidasi alisema kwake lolote ni sawa alimradi lisiwe mtu, kwa kuwa sanamu ya mtu itaulizwa baba yake ni nani na alirudi mwaka gani kutoka ukimbizini. Aliyewapatanisha ni Hadjara, muuza ndagala, yaani dagaa, wa mtaa wa Birimba na rafiki wa Jovita. Alisema ngoma watoto wake wanaijua, na mukeke wanamwona kila siku ingawa hawamli kila siku. Kitu wasichokijua ni karabai.

Hapo watu wa makamo wote wakaongea pamoja. Kwa miaka mingi karabai, taa ya mafuta ya taa yenye pampu na kioo, ndiyo iliyoning'inizwa juu ya mitumbwi kuwaita ndagala. Kutoka vilimani ungedhani kuna mji wa pili juu ya maji. Siku hizi wavuvi wanatumia betri na nguvu za jua, na karabai ziko juu ya makabati zikikaliwa na buibui. Mkutano ule haukuhitaji kupiga kura.

Msanii aliyepatikana, Amjad, anatoka Bujumbura. Ana miaka thelathini na minne, anachomelea vyuma, na amesomea sanaa. Familia yake ni ya Waarabu wa Oman waliofanya biashara kwenye mwambao huu kwa vizazi kadhaa. Babu yake alikuwa na duka Birimba, akiuza karabai, vioo vyake na soksi zake za utambi, kabla ya familia kuhamia mji mkubwa. Aliposikia Rumonge wanataka karabai ya chuma yenye urefu wa mita nne, alikubali bila kuuliza swali la pili.

Mkutano wa mwisho, wa kuukubali mchoro wake au kuukataa, ulipangwa Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, mara baada ya kazi za pamoja. Mwenyekiti wa kamati ya bustani, Revokatus, mwalimu mstaafu wa Kifaransa mwenye asili ya Kabezi, alikuwa amepanga utaratibu: msanii ataeleza, mwakilishi wa wakazi atajibu, ripoti itaandikwa na kusainiwa na pande zote. Ripoti ilitakiwa Bujumbura Jumatatu. Rumonge wasipoafikiana, kazi ingekwenda mji wa Nyanza-Lac, waliokuwa wa pili katika orodha ya wafadhili. Mwakilishi wa wakazi, bila mjadala, alikuwa Jovita.

Alifika akiwa amevaa imvutano, vazi la sherehe linalofungwa begani, kwa kuwa saa nane mchana alikuwa na mahari Kanyenkoko. Watu walikuwa wamekaa juu ya majani na majembe yao kando. Amjad aliweka meza ndogo, na juu yake mfano wa karabai uliofunikwa kitambaa cheupe. Aliufunua, akaeleza kwa dakika chache, akaketi. Alikuwa amekuja peke yake. Revokatus akawapa wakazi neno.

Jovita alimtazama kijana aliyekuja na kitu kizuri chini ya kitambaa cheupe, akawatazama watu waliokuwa wakimngoja aseme, na akafanya kile ambacho vazi lake na miaka kumi na mitano vilimwelekeza.

"Amahoro, mugeni wetu," alisema. "Tumeona ulicholeta, iko kizuri. Lakini taa sisi tunazo. Iko jua muchana, iko mwezi usiku. Nafasi ndiyo hatuna. Hebu upite Nyanza-Lac, labda kule bado wanakaa gizani."

Bustani nzima ilicheka na kupiga makofi. Ilikuwa kukataa kwa daraja la juu, na kuwatia Nyanza-Lac ndani yake kulikuwa kitunguu kwenye mchuzi. Amjad alisimama. Alishukuru, akasema ameelewa, akafunika mfano wake, akampa Revokatus mkono, akaondoka.

Makofi yakaongezeka. Leonidasi aliwaambia waliokaa karibu naye kwamba kijana huyu amefundishwa: ametoka kwenda kushauriana, kama walivyofanya wazee, na atarudi na kinywaji. Watu wakajiweka sawa kumngoja. Mtu akasema angalau Fanta, kwa kuwa ni Mwislamu. Mwingine akasema Mwarabu wa Bujumbura hawezi kuleta Fanta peke yake. Walingoja mpaka wenye haraka wakaanza kutazama jua, na Hadjara akaenda barabarani kuona kama kuna kreti za kusaidia kubeba.

Alirudi mikono mitupu. "Kijana ameenda parkingi," alisema. "Hata meza amebeba."

Revokatus, ambaye huandika huku watu wanasema, alikuwa amekwisha kuandika kwamba wakazi wameona nafasi haipo. Alielezwa kwamba ile ilikuwa desturi tu. Alijibu kwamba anaijua, naye alipokea mahari ya binti zake wawili. Lakini ripoti haiwezi kubadilishwa bila msanii, na msanii ameondoka akiamini amekataliwa. Leonidasi aliinuka akajipangusa majani.

"Mama Eliana," alisema, "leo umekataa mpaka bwana harusi amekimbia."

Watu walicheka tena, lakini chini chini. Jovita hakucheka. Sanamu aliyoililia mwaka mzima alikuwa ameifukuza kwa mdomo wake, na Jumatatu ingekuwa ya Nyanza-Lac kwa maneno yake mwenyewe.

Kilichomwokoa kwanza ni uhaba wa esansi. Wiki ile mafuta hayakuwa yamefika, na magari machache yenye kitu ndani ya tangi yalikuwa yameondoka alfajiri. Jovita na Hadjara walimkuta Amjad ameketi juu ya meza yake kando ya teksi moja ambayo dereva wake alikuwa ameahidi kuondoka sasa hivi, kisha akaenda kula. Mfano wa karabai ulikuwa magotini mwake.

Alisimama kwa heshima. Hakuwa na hasira nao, alisema. Alikuwa na hasira na baba yake. Alikuwa amempigia simu kumwambia Rumonge wameikataa taa ya babu, na baba yake, aliyekulia Birimba, badala ya kumpa pole alicheka mpaka Amjad akakata.

"Mama, mulisema nafasi hakuna," alisema.

"Nilisema. Ndiyo maana tulikuwa tunakungoja."

Hadjara ndiye aliyemweleza, kwa kuwa ameketi kwenye posa za pande zote mbili. Kwao Waislamu, alimkumbusha, watu wazima huenda kimya, jibu hupatikana ndani, na siku ya mkusanyiko huja kusomwa dua tu; anayekataa mbele ya watu amekataa kweli. Kwa Warundi, anayekataa mbele ya watu ameanza tu kukukaribisha. Amjad alisikiliza, kisha akauliza kwa nini basi Mama Eliana asirudi pale aseme amekubali.

Jovita alisema hilo haliwezekani. Kukataa kwa msemaji hakufutwi, kunashindwa. Angekuja mtu upande wa Amjad akamshinda kwa maneno, angekubali mara moja na ripoti ingeandikwa upya. Kosa lake, alisema, lilikuwa kusahau kwamba kijana amekuja bila msemaji.

Kwa hiyo ilibidi apatikane msemaji, na Rumonge nzima ilijua ni nani. Jovita alikwenda Kanyenkoko akiwa amechelewa, na akakuta Leonidasi ameketi upande wa pili, kwa niaba ya kijana aliyekuja kuoa.

Mahari ile ilikwenda kama kawaida mpaka mahali ambapo Jovita alitakiwa kukubali. Leonidasi alikuwa ametaja ng'ombe, mababu na usafi wa nyumba. Wageni walikuwa wanangoja msichana atoke. Jovita akasema binti yupo, lakini limebaki sharti moja, nalo halimhusu kijana wala wazazi wake. Linamhusu msemaji wao. Mjini Rumonge yuko mchumba mwingine, hana mjomba wala shangazi hapa, na amekataliwa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea. Familia itamtoa binti ikiwa Leonidasi atakubali kesho kumsemea mchumba huyo.

Habari za bustani zilikuwa zimekwisha kufika Kanyenkoko, na kila mtu alielewa. Vigelegele vilianzia jikoni. Leonidasi alijiweka sawa kitini, akionekana kulifurahia kila neno la sharti hilo.

"Nisikie vizuri," alisema. "Kuku jike anamwomba jogoo awike?"

"Ndiyo, muzee," alisema Jovita. "Wika kesho saa tisa."

Leonidasi aligeukia familia aliyoisemea na kulalamika kwamba alikuja kutafuta mke mmoja na sasa anaondoka na mume wa kumwoza. Lakini alikubali, na msichana akatoka.

Amjad alilala Birimba kwa jamaa za Hadjara. Jumapili, watu walipotoka misani na kula, bustani ilijaa kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa sasa wote walijua kinachokuja. Leonidasi alifika na kreti za Fanta, akamketisha Amjad nyuma yake na kumkataza kufungua mdomo. Alianza kwa kusema kwamba mchumba huyu si mgeni. Kila mtu hapa aliyekula ndagala kabla ya enzi za betri, alisema, aliwala kwa mwanga uliouzwa na babu wa kijana huyu. Basi leo mtu asijifanye hamjui.

Jovita alikataa mara ya pili. Wazazi wa Iteba wana wasiwasi, alisema. Taa ya ufuoni huita. Ile ya zamani iliita ndagala, je hii itaita nini, kama si wachumba? Leonidasi alijibu kwamba itawaita wote, na kwamba kila mchumba atakayeitwa ataishia mbele ya Mama Eliana akitafuta msemaji, kwa hiyo anayelalamika ndiye atakayefaidi.

Hapo Jovita alikubali kuzungumza mahari, na hapo ndipo mambo ya kweli yalisemwa, zaidi ya mikutano yote iliyotangulia. Wanawake wa Iteba waliomba taa izimwe watu wanapokwenda kulala. Wavuvi waliomba mwanga usiwe wa rangi ya taa zao, mtumbwi usije ukaifuata bustani. Hadjara alitaka kiti kitakachoizunguka sanamu kwa chini kiwe kipana cha kutosha beseni la ndagala, na akina mama walitaka pembe zote ziwe za mviringo, kwa kuwa watoto watapanda, hata wakikatazwa. Upande wa Amjad uliomba umeme, mahali pa kuchomelea, na karabai kuukuu kutoka katika nyumba za watu, ziingizwe kwenye kitako cha sanamu. Kila ombi lilipokubaliwa, Leonidasi alitangaza ng'ombe ameingia zizini, na watu wakaitikia. Revokatus aliandika yote. Baadaye alibadilisha neno "ng'ombe" likawa "masharti", akakusanya saini, na Jumatatu asubuhi ripoti iliondoka kwa pikipiki ya mtu aliyekuwa na esansi.

Tangu wakati huo Amjad anachomelea katika ua mmoja Birimba, si mbali na lilipokuwa duka la babu yake. Karabai kuukuu zinaletwa karibu kila siku, nyingine bila kioo, nyingine bila pampu. Moja ililetwa ikiwa bado inawaka. Mwenyewe alirudi kuichukua umeme ulipokatika, akasema ataileta tena ukirudi. Baba yake Amjad amekuja mara moja kutoka Bujumbura, akala mukeke, akacheka tena.

Leonidasi bado anataja methali ya jogoo, ila sasa huongeza kwamba jogoo mwenye akili huwika anapoombwa. Jovita anapoulizwa kama amejifunza kitu, husema amejifunza kuangalia kwanza nani ameketi upande wa pili. Kukataa hataacha.

Karabai itasimamishwa Jumamosi tarehe 13 Septemba, saa nane mchana. Leonidasi ataikabidhi kwa niaba ya Amjad, na Jovita ataikataa mara mbili kabla ya kuipokea.